Aliyeniomba Msamaha Matangani

Nalala mchana, siku ya tatu ya matanga ya mama, kwenye godoro nililotandikiwa chumbani kwake, na mvua inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba mtu anaweza kulia karibu yako usimsikie. Uani wanawake wanamenya ndizi. Mbele ya nyumba, chini ya turubai, yuko mdogo wangu Lugano Mwakifuna, mgombea ugavana wa Nyanda za Juu, anapokea pole za watu waliotoka wilaya zote, na zimebaki siku nane watu wapige kura. Mimi ni Tusajigwe, dada yake, mpelelezi wa polisi kwa miaka ishirini na mitatu. Miaka sita mimi na Lugano hatukusemezana. Nilisimama mahakamani nikaeleza nilichokiona kwa macho yangu, kwamba ni yeye aliyewaambia vijana wafunge daraja siku ile mtu mmoja alipokanyagwa akafa, na kwa maneno yangu akafungwa miezi minane. Alipopitishwa mbele yangu na pingu mikononi alisema, kuanzia leo sina dada. Juzi, kando ya jeneza la mama, alipiga magoti kwenye tope akaniomba msamaha, watu wote wakiona, nami nikamnyanyua nikamkumbatia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nikapumua mpaka mwisho. Leo ningelala vizuri kama Bi Atuganile Kibona asingekuja asubuhi. Yeye ndiye mpinzani wa Lugano, mwanamke mtu mzima, mwalimu mstaafu, na hakuna aliyetegemea angekanyaga hapa. Alinipa pole, akainama sikioni kwangu akasema, Inspekta, yule aliyekaa pale nje si mdogo wako. Mdogo wako nilimwona mara ya mwisho Jumamosi iliyopita, mtafute. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sote tunajua kwamba siku hizi viwanda vinatengeneza maroboti wenye sura za watu, wanaotoka jasho na kupiga chafya, wanaouguza wazee na kufundisha watoto hesabu, na huwezi kumtambua mmoja wao mpaka afunguliwe. Tunajua pia kwamba sheria inakataza kutengeneza roboti kwa sura ya mtu aliye hai. Hayo ndiyo ninayoyawaza, nayawaza tena, mvua inazidi, macho yanafumba.

Naamka kwenda kunywa maji, nafungua mlango wa chumba cha mama, na nje hakuna uani. Kuna barabara ya lami iliyolowa, imenyooka katikati ya mashamba ya chai, haina mwisho huku wala huku, na kwenye kila nguzo ya umeme imebandikwa picha ya Lugano akitabasamu. Natembea. Nikipita picha mia moja naona kwamba ni picha ileile, tabasamu lilelile, wala hakuna hata moja ambamo amechoka. Mbele yangu anasimama mtu aliyevaa koti la kiwandani, na nikimkaribia naona hana uso. Mahali pa uso pana ngozi laini, kama yai lililomenywa. Siogopi, nashangaa kwa nini siogopi. Namwuliza, wewe ni nani? Anajibu, na sauti yake inatoka kifuani, bado sijawa mtu yeyote, sura yangu haijafika. Namwambia namtafuta Lugano Mwakifuna. Anasema, unamtafuta anayesema au anayenyamaza? Namwambia mimi ni polisi, nijibu vizuri. Anasema, nimekujibu vizuri kuliko watakavyokujibu wote, kisha anageuka na kuanza kutembea, nami namfuata, na barabara inapinda ingawa nilikwisha kuiona imenyooka.

Tunaingia mjini. Ni mji wetu, naujua, ila daraja liko katikati yake na upande wa pili wa daraja ni mji huohuo umegeuzwa kama kwenye kioo: duka la dawa lililo kushoto huku liko kulia kule, na mama anayeuza maparachichi amekaa pande zote mbili, huku amefunga kitambaa cha njano cha chama cha Lugano, kule amefunga cha kijani cha chama cha Bi Kibona. Juu ya daraja viatu vimetapakaa, sendo, raba, kiatu kimoja cha mtoto, kama vilivyokuwa siku ile niliyoitolea ushahidi. Navikwepa kimoja kimoja. Namwuliza mama wa njano, Jumamosi ulimwona Lugano? Anasema, nilimwona vizuri, saa tisa alasiri alikuwa uwanjani anahutubia, watu elfu hamsini, jua kali na hakunywa hata maji. Navuka daraja, namwuliza mama wa kijani. Anasema, nilimwona, saa tisa alasiri alipita hapa kwa miguu, peke yake, amevaa kofia ameishusha, akanunua maparachichi mawili, akaingia kwa Bi Kibona. Saa tisa? Saa tisa, redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Mtu mmoja, saa moja, mahali pawili. Kazini ningeandika kwenye daftari kwamba shahidi mmoja kakosea. Hapa nawatazama wanawake hawa wawili walio mwanamke mmoja, na moyo unaanza kuniuma, kwa sababu najua kwamba hakuna aliyekosea.

Asiye na uso ananifungulia mlango wa jikoni kwa Bi Kibona. Bi Kibona anaosha vikombe. Hanitazami, anasema, nilijua utakuja, kaa pale alipokaa yeye. Nakaa. Anasema, alikuja akaniambia, mwalimu, nimechoka. Alinifundisha darasa la nne huyu, nilimfundisha mimi, anasema, na kujisahihisha kwake kunanipa huruma. Akaniambia wamemtengenezea roboti kwa sura yake, aliridhia mwenyewe, kwa sababu pumu yake haikumruhusu kusimama juani saa nne nzima. Runinga ilikuwa inawaka pale juu ya kabati, na nikimnywesha chai huku tulikuwa tunamwona kule uwanjani anapunga mkono. Aliona haya. Aliinuka akaizima mwenyewe. Akasema, mwalimu, kesho najitoa, nakuachia, vijana wetu wanapasuana vichwa kila siku kwa ajili yangu na mimi mwenyewe hata sipo pale. Nawaambia wa kwangu leo hii, halafu naenda kwa mama anaumwa, halafu naenda kwa dada. Nikamwambia, anza na dada. Akasema, nimpigie kwanza nijue kama yupo. Akapiga hapahapa mezani. Bi Kibona anakausha kikombe kilichokwisha kukauka. Namwambia, usiendelee. Kwa sababu naikumbuka simu hiyo. Nilikuwa nafua, nikaifuta mikono kwa haraka, nikaona jina lake kwenye kioo cha simu, mara ya kwanza kwa miaka sita, nikakaa nikaitazama ikiita, inaita, mpaka ikanyamaza. Nilijiambia atapiga tena. Nilijiambia, akipiga tena nitapokea.

Natoka, na mlango wa jikoni unatokea kiwandani. Ni ukumbi mrefu, na pande zote wamesimama wasio na nyuso, mamia, wananigeukia wote kwa pamoja ingawa hawana macho. Mwenzangu anachanganyika nao na simjui tena ni yupi. Nauliza kwa sauti, Lugano aliingia hapa? Mmoja anajibu, waliingia wawili. Mwingine anajibu, alitoka mmoja. Mwingine, kule mwisho kabisa, anasema, na aliyetoka hakuwa aliyeingia kwanza. Mwisho wa ukumbi kuna meza, na nyuma ya meza amekaa Bwana Simwinga, meneja wa kampeni ya Lugano, yule ambaye jana tu alikuwa kwetu anagawa maji kwa wafiwa. Anasema, karibu, Afande. Namwambia, nieleze Jumamosi jioni. Naye anaeleza. Katika nchi hii niliyoingia watu hueleza wanapoulizwa, na hilo linanitisha kuliko nyuso zinazokosekana. Anasema, alikuja saa kumi na moja akasema anajitoa. Nilimwambia, Mheshimiwa, miaka minne ya kazi ya watu. Akasema, nimeshaamua. Tukabishana. Kifua kikambana. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa garini, na ufunguo wa gari nilikuwa nao mimi. Namwuliza, ukafanya nini? Anasema, sikumgusa, Afande, andika hivyo, sikumgusa hata kidogo. Namwambia, sikuuliza kama ulimgusa, nimeuliza ulifanya nini. Anautazama mkono wake kama vile ufunguo bado umo. Nilisubiri, anasema. Namwuliza, muda gani? Anasema, si muda mrefu. Namwuliza, alikuwa anakuonyesha kwamba anataka dawa? Alikuwa ananyoosha mkono hivi. Na mimi nikawa nawaza, yuko mwingine ndani ambaye hachoki, habishi, ameshapendwa na watu, huyu ananyoosha mkono na mimi nawaza hayo, na nilipomaliza kuwaza ikawa imekwisha. Kisha anasema, kwa sauti ya mtu anayeomba aeleweke, hata Bi Kibona, kwa kuachiwa tu vile, asingekuwa ameshinda kwa haki. Nayaandika maneno yake, neno kwa neno, na wino hautoki kwenye kalamu, naandika tu.

Nyuma ya Simwinga kuna chumba kidogo chenye viti viwili vinavyotazamana. Kwenye kimoja amekaa Lugano, yule wa matangani, suti ileile, magoti yana tope lilelile la juzi. Anasema, karibu, dada. Namwambia, usiniite hivyo. Anasema, sina jina lingine la kukuita, hilo ndilo nililofundishwa. Nakaa kwenye kiti cha pili. Namwuliza, alikufundisha nini kingine? Anasema, mchana walinifundisha hotuba. Jioni aliwafukuza mafundi, akakaa ulipokaa wewe, akaniambia, leo wewe ni dada yangu Tusa, kaa kimya, maana dada akikasirika hukaa kimya. Nikakaa kimya. Akasema, hivyohivyo, ndivyo alivyo. Halafu akaanza kuzungumza na wewe. Namwuliza, alisema nini? Anasema, siku ya kwanza alisema, dada, uliniharibia maisha. Akasimama akatoka. Siku ya pili alisema, dada, ungeweza kunyamaza, hakuna aliyekulazimisha. Wiki nzima alisema hilo. Halafu ikapita siku asizungumze, tukakaa tu hivi tunatazamana. Ilichukua miezi miwili. Mwishowe alisema, dada, mtu alikufa na mimi ndiye niliyesema wafunge daraja. Ulisema kweli, nikakuchukia kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe. Akairudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Ni maneno yaleyale niliyoyasikia kwenye tope, kando ya jeneza, hakuna lililopungua. Namwambia, kwa hiyo Simwinga alikutuma uje uyaseme mbele ya kamera. Anatikisa kichwa. Simwinga aliniambia nije nilie kidogo, nishike jeneza, niondoke. Haya hakuyajua. Nilikuona umesimama, umekaa kimya vilevile, nikajua ni wewe, na yeye hayupo wa kuyasema, nikayasema. Ninataka kumpiga na ninataka ayaseme tena. Namwambia, yaseme tena. Anayasema. Namwambia, tena. Anayasema, kwa sauti ya mdogo wangu, taratibu, bila kuchoka, na mimi najikunja kwenye kile kiti kama mtu anayeumwa tumbo.

Akimaliza namwuliza, mama alijua? Maana yeye ndiye aliyekaa na mama zile siku mbili za mwisho, nilipokuwa kituoni nikisubiri ruhusa. Anasema, aliponishika mkono alinitazama sana. Akasema, mkono wako una joto, wa Lugano ulikuwa wa baridi tangu ananyonya. Nikajua nimegundulika. Nikauliza, niondoke, mama? Akafikiri. Akasema, kaa tu, mwanangu, kaa. Asubuhi akafa. Hakuniuliza Lugano yuko wapi, nadhani alijua na hakutaka kusikia.

Anainuka, namfuata. Anafungua chumba cha baridi, na ndani wamelala wasio na nyuso, wamepangwa kwenye vitanda vya chuma, na katikati yao amelala mmoja mwenye uso. Namtazama. Ni mwanamume mwembamba, ndevu zina mvi, mashavu yameingia ndani, chini ya macho pamekuwa peusi. Nasema, huyu simfahamu. Yule aliye kando yangu ananisogeza karibu. Nasema, si yeye, Lugano ana uso wa kujaa, namwona kila siku kwenye picha. Anasema kwa upole, dada, mimi ndiye niliyetengenezwa kutokana na picha. Hapo ndipo ninapomwona. Naliona sikio la kushoto lililokaa nje kidogo, ambalo mama alikuwa analibana kwa kitambaa Lugano akiwa mchanga. Miaka sita mdogo wangu amezeeka na mimi sikuwepo, na kama angefika mlangoni kwangu Jumamosi ile saa kumi na mbili ningemwuliza, nikusaidie nini, baba? Naugusa uso wake. Ni baridi kote, siyo mikono tu. Mfukoni mwa koti mna maparachichi mawili, yameiva, na naelewa moja lilikuwa la mama.

Hana kaburi, anasema yule mwingine. Mama amezikwa kwa heshima zote na yeye yuko hapa hana hata jina mguuni, na hatapata kaburi maadamu mimi natembea na jina lake. Namwambia, nikiandika taarifa hii watakuzima. Anasema, ndiyo. Namwambia, na sitasikia tena sauti hii. Anasema, hutaisikia. Namwuliza kama anaogopa. Anafikiri kama mtu anavyofikiri, anatazama pembeni. Sijui kama ninachokisikia ndicho mnachokiita kuogopa, anasema. Nilimsikia Lugano siku ile, nilikuwa upande wa pili wa ukuta, sikuwa nimeruhusiwa kutoka bila kuitwa. Hakuniita. Aliita dada. Kama kile alichokisikia yeye ndicho kuogopa, basi naogopa. Nilikwisha kusimama mahakamani mara moja nikampoteza mdogo wangu. Sasa natakiwa nisimame tena, nimpoteze tena, na aliyebaki ananitazama kwa macho yake yale, magoti yana tope. Utaandika? ananiuliza. Nafungua kinywa, na vitanda vya chuma vinaanza kuteleza, chumba kinarefuka, wasio na nyuso wanaketi wote kwa pamoja, na kila mmoja, mahali pa uso, anaanza kupata uso wangu.

Mvua imekata. Niko kwenye godoro, nguo imenishika mgongoni kwa jasho, na uani wanawake wanacheka kidogo kama watu wanavyocheka siku ya tatu ya msiba. Lugano amekaa sakafuni kando yangu, amevua koti, ameshika sahani ya ndizi na maharage. Anasema, umelala sana, wakasema nisikuamshe. Namtazama. Uso umejaa, hauna mvi. Huenda anapaka rangi, wanasiasa wengi wanapaka, hilo si ushahidi wa kitu. Sina daftari, sina kalamu, sina ufunguo wala maiti, nina maneno machache ya mpinzani wake na usingizi wa mchana. Namwuliza, Jumamosi saa tisa ulikuwa wapi? Anasema, uwanjani, dada, si walionyesha kwenye runinga? Anajibu haraka, kisha anatazama pembeni. Ananiuliza, umeota nini? Namwambia, nimeota umekufa. Anaiweka sahani chini. Nilikufaje? Namwambia, peke yako, unaniita. Hapo nalia, kilio ambacho sikulia hata mama aliposhushwa kaburini, nalia mpaka mlangoni wanawake wanakuja kuchungulia na kurudi. Simjui ninayemlilia. Akiwa ni huyu niliyenaye, basi nimeamka na hakuna lililotokea. Akiwa ni yule mwembamba, basi bado niko kule, na huku ndiko ndoto. Namwambia, Lugano, kesho asubuhi nakwenda kituoni kuandika taarifa. Ningetegemea aniulize, taarifa ya nini? Ndivyo mtu angeuliza. Anavuta pumzi taratibu, anasema, najua, dada. Kula kwanza. Ananisogezea sahani mpaka inanigusa goti. Ndizi bado zina moto, na nina njaa kweli, njaa ya siku tatu, na sijui kama mtu aliye ndotoni husikia njaa. Nakula, naye amekaa palepale ananitazama nikila, mpaka sahani inabaki tupu.